Namna ya kupitisha wikendi Kasenga, kando ya Luapula, kama unatoka Lubumbashi

Ikifika mwezi wa tano, mvua imekwisha, baridi inaanza kuingia, batu banaanza kuniuliza paka swali moja: yaya, tupeleke batoto wapi? Na mi kila mwaka najibu jibu moja: endeni Kasenga. Hapa Lubumbashi tuko na zoo, ni muzuri, batoto banaipenda, lakini ukienda mara tatu mutoto anajua sasa kila munyama na kizimba yake. Mto iko, tena njo ilipatia muji jina yake, lakini haiko tena mto ya kupeleka mutoto achezee, viwanda na machafu ya muji viliiharibu, na mayi ileile inaenda kuingia mu mto Kafubu. Bazee banatuambiaka namna balikuwaka banavua na kuoga pale, na mi nikisikia vile naumia ku roho, juu kizazi yangu tulikomea paka ku daraja, kuangalia mayi inapita.

Kasenga iko kilometa 200 na kitu kutoka hapa, upande ya kaskazini-mashariki, ku mpaka na Zambia, na kule mto ingali mto. Luapula inatoka mu mabwawa ya Bangweulu kule Zambia, inazunguka, inakuwa mpaka yetu na bo, inapita Kasenga, inaingia mu ziwa Mweru, kiisha inatokea Pweto na jina ingine, Luvua, inaenda kujiunga na Lualaba. Maana yake mayi unaona inapita mbele yako Kasenga itafika siku moja Kinshasa, mpaka mu bahari. Mi hii jambo inanifurahisha sana, kila mara naiambia batoto, na bo banatupa kajani mu mayi banasema "enda usalimie batu ya Kinshasa".

Sasa kwenda ni kitu moja, kwenda vizuri ni kitu ingine. Mara ya kwanza nilifika kule siku ya posho (samedi) saa sita ya mchana, na bandugu bane, jua inapiga, tukashuka mu motokari tukauliza "plage iko wapi?" Hakuna plage. Mitumbwi yote imefungwa, nyavu zimeanikwa, banaume banalala chini ya muembe, harufu ya samaki tu. Tukakaa masaa mawili, tukakula, tukarudi. Njia yote tulikuwa tunasema Kasenga haiko na kitu. Kumbe kazi yote ya mto ilikuwa imekwisha kufanyika mbele ya sisi kufika. Muzee moja muvuvi njo alinifundisha mara ya pili: mto iko na masaa yake, yanaanza mbele ya jua kutoka na yanakwisha karibu saa tatu ao saa ine ya asubui, kiisha yanarudi kidogo mangaribi. Ukifuata masaa ya bavuvi utaona kila kitu. Ukifuata masaa ya batu ya tawn utaona muchanga na jua. Yote nitaandika hapa chini inatoka mu hii neno.

Wakati ya kwenda

Miezi ya sita, ya saba na ya nane njo mizuri kabisa. Mvua hakuna, mbu imepunguka (haijakwisha, usidanganyike), barabara imekauka. Mu mwezi wa tano pia inawezekana lakini mayi ingali mingi, juu Luapula inachelewa kushuka, mvua ya Bangweulu inachukua muda kufika huku, unaweza kukuta mvua imekata zamani na mto ingali imejaa mpaka mu majani. Mwezi wa tisa na wa kumi kunakuwa joto ya kweli. Lubumbashi tuko juu, zaidi ya mita 1,200, ila Kasenga iko chini ya mita 1,000, tofauti utaisikia ku mwili.

Wakati ya mvua mi sikushauri, kwanza barabara, pili uvuvi. Ng'ambo Zambia banafungaka uvuvi kuanzia tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari ili samaki zizae, na upande yetu pia kuko miezi ya kufunga. Ukienda miezi ile utakuta bavuvi banakaa, samaki fresh hakuna, na ukikuta mutu anakuuzia kwa kujificha usinunue, tafazali. Nitarudilia hii.

Njia

Panga kutoka ijumaa kama unaweza, ao siku ya posho saa kumi na moja ya asubui. (Batoto banauliza sababu gani samedi tunaiitaka siku ya posho: ni juu ya posho, ile chakula kampuni za mine zilikuwaka zinagawia bafanyakazi kila juma. Na samaki ya ile posho, sehemu kubwa ilikuwa inatoka Kasenga, kwa hiyo hadisi inaanza mu motokari.) Unafuata barabara mpaka Kasomeno, pale njia inagawanyika: kushoto unaenda Kilwa na Pweto, kuume unaenda Kasenga. Batu mingi banapita Kasomeno mbio, mi nasimama, nanyoosha miguu, nanunua kitu ya kutafuna, juu pale njo utapata habari ya kweli ya barabara iko mbele. Uliza bashofere banatoka kule, usiulize mutu wa duka.

Kama hauna motokari kuko mabisi na malori yanapanda kule. Mi nilishapanda yote mbili. Bisi unakaa umejikunja lakini unafika siku moja. Lori usipande na batoto, hata kama bei ni ya chini, samaki na makala zinapakiwaga juu, batu juu ya mizigo, na mashimo haina huruma.

Karti ya elekteri (ile ya kupigia kura) beba, kila mutu mukubwa mu motokari, juu unaenda ku mpaka. Mugeni ya inchi ingine abebe pasipoti. Ukifika, kama uko kikundi, pitia kwanza kwa biro ya uhamiaji ao kwa chefu ya kartier kujionesha, ni dakika kumi, na inakusaidia wikendi nzima, hakuna mutu atakuja kukusumbua unapiga foto kando ya mto. Na foto zenyewe: mto, ndege, mitumbwi, hakuna shida. Bajeshi, bapolisi, bivuko ya serkali, acha telefone mu mufuko.

Mangaribi ya kwanza ni ya kusalimia

Hapa njo batu ya Lushi (Lubumbashi) tunakoseaka. Tunafika, tunataka kupanda mutumbwi saa ileile. Hapana. Mangaribi ya kwanza ni ya kutembea kwa miguu kando ya mayi, pole pole, na kutafuta mutu wako wa kesho.

Kule banaongeaka Kibemba mingi, Swahili banasikia bote lakini ukianza na "mwapoleni mukwai" uso ya mutu inafunguka. Asubui ni "mwashibukeni". Kushukuru ni "natotela". Maneno matatu tu, fundisha batoto mu motokari. Kwa muzee muvuvi usimuite jina hata kama umeisikia, muite tata, na usibakie umesimama juu yake kama yeye amekaa anashona wavu, ukae naye chini. Uliza samaki ya leo ilikuwa namna gani. Acha aongee.

Kiisha njo unauliza kama kesho asubui anaweza kukupeleka kutoa nyavu naye, ao kukuzungusha kidogo. Bei mukubaliane mangaribi ileile, mbele ya mutu wa tatu, musema masaa ngapi, batu ngapi, na kama mafuta ya motere (kama iko na motere) ni yako ao yake. Usilipe yote mbele. Usimupunguzie mpaka aumie pia, asubui moja yake ni chakula ya nyumba yake. Angalia mutumbwi wenyewe na macho yako: uko na mayi ndani? Mbao zimepasuka? Kama kila mara anatoa mayi na kikopo, tafuta mwingine, na adabu, bila kumuzarau.

Ile ya magongo, yaani mutumbwi ya muti moja, ni ya kupendeza macho lakini kwa mutu haijazoea inapinduka upesi. Chagua ya mbao, mipana. Batu watatu na muvuvi inatosha.

Jile za kuokoa nunua ao omba hapa Lubumbashi mbele ya kwenda, usihesabu utaikuta kule. Ya mutoto iwe ya mutoto. Ukivalisha mutoto jile ya mukubwa, akianguka inapanda inamufunika uso. Mi sipandishi mutoto hana jile, hata alie.

Mbele jua ishuke, tafuta fasi ya kukaa inaangalia mto, mbali kidogo na mayi. Jua ya Luapula inashuka nyuma yako, kwa hiyo ile mwangaza yote inapiga upande ya Zambia, matete inakuwa ya dhahabu, na bavuvi banatoka moja moja kutega nyavu. Zile nyavu njo utaenda kuona kesho. Na saa ile giza inaanza, ondoka kando ya mayi. Kiboko inatokaka usiku kula majani, inarudi mu mayi alfajiri, mutu akijikuta katikati yake na mto hapo njo hatari. Mamba na yeye giza ni saa yake.

Asubui ya mto

Amka saa kumi na moja. Vaa koti, mi sichezi, mwezi wa saba juu ya mayi mbele ya jua kutoka baridi inaingia mpaka mu mifupa, kiisha saa tatu unatoa koti na unatafuta kofia. Chai ya moto mu termosi, mikate, soksi ya ziada mu mufuko ya plastiki. Telefone funga ndani ya mufuko mbili.

Mukitoka, kuko ukungu. Mto inatoa moshi sawa vile sufuria, hauoni ng'ambo, unasikia paka pagayi inaingia mu mayi, na sauti ya mutu mwingine kule ndani anaimba ao anakohoa. Kaa chini kabisa mu mutumbwi, uzito katikati, mikono ndani. Usisimame kupiga foto. Kama unataka kusimama mwambie muvuvi, yeye atakuambia hapana, na iko na haki.

Akifika ku wavu yake, nyamaza, acha afanye kazi. Anavuta kamba pole pole na samaki zinaanza kuonekana, za kwanza unaona ni weupe tu mu mayi. Muulize majina, bavuvi banafurahi kusema: mpale, ile tilapia nene, makobo, iko na kinywa kubwa, monde na ndevu yake, milonge, ile haina magamba inateleza, mintesa, ndogo, na kichwa ya ajabu. Mara moja moja mpumbu. Hapo uliza hadisi ya mpumbu, juu hii samaki njo ilijenga Kasenga. Zamani, wakati ya mvua, mpumbu zilikuwaka zinapanda mto kwa wingi kwenda kuzaa, mpaka mto inapiga kelele. Wakati ya wakoloni bachuuzi Bagreki bakajipanga Kasenga na maboti na barafu, bakanunua samaki na kuipeleka Elisabethville (njo Lubumbashi ya leo) kulisha bafanyakazi ya mine, na nyavu zikaongezeka, zikategwa ku njia ya kuzaa yenyewe. Karibu na mwaka 1950 mpumbu ikakatika, na mpaka leo haijarudi kama zamani. Njo maana nilisema usinunue samaki ya kujificha wakati banafunga. Tulishaona mwisho yake na macho yetu, pale pale, mu mto ileile.

Kama hautaki nyavu, unataka paka kuzunguka, mwambie akupeleke pembeni ya matete na mu vijia vya mayi vinaingia mu majani. Saa ile ndege ni mingi. Kuko ile tai ya kichwa nyeupe inavua samaki, inakaa juu ya muti pekee yake na inalia kichwa imerudi nyuma, ukiisikia mara moja hautaisahau. Kuko kale kandege keusi na keupe kanasimama mu hewa sawa vile helikopta, kanapiga mabawa fasi moja, kiisha kanaanguka mu mayi puh na kanatoka na kasamaki. Batoto banaweza kukaangalia saa nzima.

Kiboko: usiombe muvuvi akusogeze karibu. Najua unataka foto. Yeye anajua fasi gani zinalalaka, anapita mbali, kando ya mayi mafupi, na anagonga ubavu ya mutumbwi ili zijioneshe ziko wapi. Akisema "turudi", munarudi, bila mazungumzo. Mi nilishaona mutu mukubwa anabishana na muvuvi juu ya kiboko, ndani ya mutumbwi, na mutoto wake amekaa mbele yake. Sikupenda hata kidogo.

Saa tatu, saa ine, jua imepanda, upepo unaanza kukunja mayi, rudi. Pale munafungia mitumbwi soko inakuwa imechangamka, bamama banagawa samaki mu mabeseni, bakinga (batu ya baiskeli) banafunga mizigo. Kaa pale, hii nayo ni matembezi.

Kuogelea

Hapana. Najua joto, najua mayi inaonekana safi, najua batoto ya pale banaruka. Kwanza mamba, na mamba haionekani. Pili bilarzia (kichocho), hii watu banaizarau sana. Ile kadudu kanakaaka mu konokono ndogo mu mayi inatembea pole pole, penye majani, kanatoka na kanaingia ku ngozi yako bila kusikia kitu, na saa kanatoka kwa wingi ni ile ya jua kali, kati ya saa ine ya asubui na saa tisa ya mchana, yaani saa ileile mutu anatamani kuoga. Baada ya juma ao miezi unaanza kukojoa damu ao tumbo inauma. Dawa iko, praziquantel, inaponyesha, lakini mwambie munganga kama ulikanyaga mayi ya Luapula, asidhani ni kitu ingine. Ukilowana miguu kupanda mutumbwi, pangusa na kitambaa kavu mara moja, vaa viatu vya plastiki. Kama batoto banataka mayi, jaza beseni ya mayi ya kisima ku parsela, bacheze pale. Bangu banacheza vile na hakuna aliyelalamika.

Kuvua na ndoano

Hii njo mi napenda kupita yote, na haiombi pesa mingi. Ndoano, ao bulobo kama banavyoitaka kule, nunua ndogo na za kati hapa Lushi, nyuzi pia, juu kule utakuta lakini chaguo ni ndogo. Fimbo kata pale, omba mwenye shamba. Minyoo batoto ya kartier banachimba banakuuzia mu kikopo, ao unatumia bukari (ugali) imekauka, ukiisokota na vidole iwe ngumu inashika ku ndoano vizuri, na mpale inaipenda. Kaa juu ya kilima ya ukingo, mbali na mayi, fasi bavuvi bamekuonesha, hapana fasi umejichagulia. Mwanga ya asubui ao ya mangaribi mbele ya giza. Tupa karibu na matete, usitupe mbali, batu ya tawn tunatakaka kutupa mbali sana lakini samaki iko pembeni mu kivuli. Nyamaza. Hata hatua zako ku udongo samaki inasikia.

Samaki ndogo kabisa rudisha. Mufundishe mutoto kulowanisha mukono mbele ya kuishika, ile utelezi ku mwili yake inaikinga, mukono kavu unaitoa.

Kinga

Mchana, kama miguu inawasha, kodi kinga, yaani baiskeli. Kasenga na vijiji vyake banatembea na kinga, barabara ni za udongo, tambarare, motokari ni kidogo. Angalia breki, angalia mupira, beba kapompi. Fuata njia inaenda sambamba na mto kutoka kijiji mpaka kijiji, salimia kila mutu, nunua karanga ao mihogo ya kuchoma. Muchanga ni nyingi fasi zingine, shuka usukume, hakuna haya. Mukifika penye muti ya masuku mu mwisho wa mwaka utakula mpaka tumbo ijae, lakini mwezi wa saba hakuna, utapata vivuli tu. Beba mayi ya kunywa ya kutosha, lita mbili kwa mutu, na urudi mbele ya mangaribi.

Kupanda na kushuka mto

Juu ya Kasenga, upande ya kusini, mto inapita mu mawe, njo Mambilima, bazungu balipaita Johnston Falls. Kwa sababu ya yale mawe, maboti ya zamani yalikuwa yanakomea Kasenga, na kutoka Kasenga kushuka mpaka Mweru mayi ni wazi. Kama unataka kuona Mambilima vizuri uko na kuvuka Zambia, na kuvuka ni kwa kivuko ya serkali, na mihuri. Muvuvi akikuambia "nakuvusha mbio, hakuna mutu anaona", umushukuru ukatae. Kuko batu balilala ku biro ya bapolisi juu ya foto moja.

Kama uko na makaratasi yote sawa, na ni mwisho wa mwezi wa saba, kuko sikukuu ya Mutomboko kule Mwansabombwe, kwa Mwata Kazembe, mufalme ya Balunda ya kule, Mwata anacheza na upanga na shoka mbele ya batu yote. Balunda ya Kazembe balitoka upande ya kwetu, kwa Mwata Yamvo, kwa hiyo batu ya Katanga tukienda pale tunasikia ngoma tunazijua. Lakini hiyo ni safari yake mwenyewe, lala ng'ambo, usiichanganye na wikendi ya mto.

Kushuka mpaka Mweru kwa boti, mi nasema acha kama uko na batoto. Ziwa ni kubwa, kilometa za mraba zaidi ya 5,000, upepo ikiamka mawimbi inakuwa ya kutisha. Ukitaka ziwa, enda Kilwa na barabara, kaa ku muchanga, angalia namna banaanika kisense, ile muchanga yote imekuwa feza sababu ya tusamaki. Kundelungu nayo, na maporomoko ya Lofoi inaanguka zaidi ya mita 300, batu banauliza kama banaweza kuiunga hapo hapo. Hapana, hiyo ni parki, inaomba ruhusa, motokari ya nguvu, muongozi na siku zake tatu, ine.

Kulala na kula

Nyumba za wageni ziko, za kawaida. Uliza mambo mawili tu: mayi na neti ya mbu. Neti beba yako hata wakikuambia iko, angalia matundu, ingiza pembeni chini ya matelasi. Malaria ya bonde ya Luapula haiko mchezo, kuanzia saa kumi na mbili ya mangaribi vaa mikono mirefu, na kama mutoto anapata homa juma moja ao mbili baada ya kurudi, mpeleke kupima bila kungoja.

Kula, nunua samaki yako mwenyewe asubui pale mitumbwi inafika, peleka kwa mama mwenye mbabula (jiko ya makala), mulipe kazi na makala. Mpale ya kuchoma, imepasuliwa mugongo, chumvi, pilipili, hakuna ingine, na bukari ya moto na mboga ya lengalenga. Usimuambie aweke maggi. Samaki imetoka mu mayi masaa matatu iliyopita haiombi maggi.

Za kupeleka nyumbani nunua siku ya yenga (dimanche) asubui, saa ya mwisho mbele ya kupanda motokari. Fresh inaomba barafu, na barafu ya kuaminika ni ile umetoka nayo Lubumbashi mu glasyeri imefungwa vizuri na bulangeti: chupa za plastiki za mayi uligandisha usiku ya mbele ya kutoka, zinakaa mpaka siku ya yenga kama haukufungua fungua. Toa matumbo palepale, osha na mayi ya kisima, panga samaki na chupa, samaki na chupa. Ukiona barafu imekwisha, acha fresh, chukua ya moshi. Ya moshi chagua iliyo kavu mpaka mukia unavunjika, ile laini ndani itaoza mbele ya Kasomeno. Ifunge mu karatasi na mufuko ya kamba, hapana plastiki, na uiweke fasi hewa inapita, mbali na bidon ya esanse.